Mwaka wa Shufwa na Witiri

Hamza alinipigia simu asubuhi nikiwa ndiyo kwanza nawasha gari, akaniambia dada yake Mwajuma amefariki Houston alfajiri. Presha. Hawakuwahi hata kumfikisha hospitali. Aliyasema kwa sauti kavu, ya mtu aliyekwisha kupiga simu nyingi kabla ya yangu: ataoshwa kesho asubuhi, atazikwa kesho baada ya adhuhuri. Halafu akaingia kwenye jambo alilonipigia hasa, kwamba Latifa asiambiwe. Latifa ni mtoto pekee wa Mwajuma. Anasomea unesi hapa Arlington, na kila Jumatano mchana huja kula kwangu Mansfield kwa sababu chakula cha chuoni, anasema, kina ladha ya boksi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na mtihani wake wa mwisho ulikuwa kesho hiyo hiyo asubuhi. "Akiukosa huu anarudia mwaka mzima," Hamza alisema. "Dada kajinyima kwa ajili ya mtoto huyu, wewe unajua kuliko sisi. Wazee tumekaa, tumekubaliana. Amalize mtihani wake, ndipo umlete." Nikasema sawa, kama ninavyomwambia fundi wa tairi sawa. Nikazima gari, nikarudi ndani, nikakaa jikoni na mkoba wangu bado begani.

Niliketi pale muda mrefu bila kulia, na hilo halikunishangaza, maana mimi si mtu wa kulia. Watu hudhani ni ujasiri. Si ujasiri, ni ganzi, kama ya mguu uliokaliwa vibaya, na najua iliingia mwaka gani na chumba gani. Iliingia katika fleti ya ghorofa ya pili, Arlington, nilikokaa na Mwajuma huyu huyu, nikiwa mwanafunzi na yeye akihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Sitaeleza nilifikaje Texas wala nimezaliwa na nani. Kila mtu ana hadithi hiyo, na zote zinafanana. Nitaeleza mwaka ule tu, kwa sababu Hamza alikuwa ananitaka nifanye lile nililofanyiwa mimi, na nilikuwa na saa chache za kuamua kama nitafanya.

Fleti yenyewe ilikuwa na zulia la rangi ya uji, na jiko dogo ambalo watu wawili wakiingia mmoja lazima arudi nyuma ili friji ifunguke. Sakafu ya jiko ilikuwa ya vigae vya plastiki, miraba myeupe na ya kijani, na karibu na sinki vilikuwa vimeanza kubanduka. Mwajuma alikuwa amenizidi miaka kadhaa, nami nilimwita Dada. Alirudi kutoka kazini alasiri akinuka losheni na dawa ya kusafishia sakafu, akavua viatu mlangoni na kusema, "Zubeda, niache nikae kwanza," halafu asikae. Aende moja kwa moja jikoni. Alipika wali wa nazi ya kopo, mchicha wa kugandishwa, na kuku wa Texas asiyelainika wala kuwa na ladha, ambaye Dada alimkaanga kwa hasira kama kwamba alimkosea adabu. Tulikula tumekaa kwenye sakafu ile ya jiko, migongo imeegemea kabati, kwa sababu meza yetu ilijaa vitabu vyangu. Gari lilikuwa moja, lake, na somo langu la historia ya hesabu nililichagua kwa sababu moja tu: muda wake uliendana na zamu ya Dada, hivyo angeweza kunishusha. Hivyo ndivyo nilivyokutana na Wagiriki wa kale.

Mwalimu wetu alikuwa mama mzee wa Kitexas, Bi. Harlan, mfupi, aliyevaa buti za ngozi hata kwenye joto. Siku ya kwanza aligawa rula za mbao, na vipande vya msasa. Akatuamuru tusugue namba zote mpaka zifutike. Tulisugua darasa zima, vumbi la mbao likaingia puani, na wavulana wawili wakacheka na kuacha somo siku hiyo hiyo. "Kupima kila mtu anajua," alituambia. "Wamisri walipima mashamba yao vizuri kabisa. Wababiloni walijua namba za pembetatu kabla ya Mgiriki yeyote. Wagiriki walileta jambo moja la ajabu: walikataa kuamini kitu kwa sababu kinaonekana kweli. Walitaka kujua kwa nini ni lazima kiwe kweli." Tangu siku hiyo tukawa na bikari na rula isiyo na namba, basi. Ukichora mistari miwili ukasema iko sawa, alikuuliza umejuaje. Ukisema naona, alikwambia macho yako si ushahidi. Mimi nilitoka katika shule za kukariri, ambako kanuni iliandikwa ubaoni na wewe uliimeza, na mara ya kwanza nilipoweza kujenga pembetatu yenye pande sawa kwa duara mbili tu, nikaeleza kwa nini haiwezekani pande zikatofautiana, nilifurahi mpaka nikamwambia mtu niliyekuwa nimekaa naye kwenye benchi la nje, asiyenijua. Naikumbuka furaha ile kwa sababu haikudumu.

Jioni nilimfundisha Dada nilichofundishwa mchana. Hakuwa amesoma sana na hakujifanya amesoma, ila alikuwa na ulimi. Nilipomtajia namba tasa, zile zisizogawika ila kwa moja na kwa zenyewe, alisema, "Maskini, nani kazinyima watoto?" Nikamwambia ni kinyume, ndizo zinazojenga namba nyingine zote. Nikamweleza yule Mgiriki wa Aleksandria aliyethibitisha kwamba haziishi: hebu dhani umezikusanya zote, zizidishe pamoja, ongeza moja, na utapata namba ambayo hakuna hata moja ya zile ulizozikusanya inayoigawa kamili. Basi ama yenyewe ni tasa mpya, ama ndani yake kuna tasa uliyoisahau. Dada alitafuna, akafikiri. "Kwa hiyo alianza kwa kusema uongo." Nikamwambia, ndiyo, alidhania jambo kwanza, akalifuata hadi likajiumbua. "Wagiriki wajanja," alisema. "Sisi kwetu ukianza na uongo unaishia nao." Shufwa na witiri hakuhitaji kufundishwa. Alizijua tangu madrasa, na akaniambia Mungu mwenyewe anapenda witiri, kwa hiyo Wagiriki wako wamechelewa.

Wiki mbili za mwisho za muhula, Dada alibadilika. Nayasema haya leo kwa uhakika, lakini wakati ule niliona tu kwamba anapika vizuri zaidi. Alileta samaki kutoka duka la Wavietnamu Haltom City, safari ndefu kwa mtu aliyetoka kazini. Alipika maandazi siku ya katikati ya wiki. Alinikataza nisioshe vyombo: "Wewe soma." Jumamosi nilikwangua kadi ya simu na kupiga nyumbani Tanga kama kawaida, na kaka yangu akaniambia Baba amelala. Nyuma yake nilisikia watu wengi, na sufuria kubwa zikigongana. Nikauliza kuna nini. Akasema maulidi kwa jirani. Nikasema haya, mwambie nimempigia. Siku mbili baadaye Baba alikuwa msikitini. Mara nyingine sauti ilikuwa imemkauka, mafua, hawezi kusema, ila anakusalimu sana na anakuombea mtihani. Mimi niliyekuwa nimefutiwa namba kwenye rula, niliyefundishwa nisiuamini hata mstari ninaouona kwa macho, nilimeza yote hayo bila kutafuna. Ningalimuuliza kaka umejuaje, ningaliuliza kwa nini mwezi huu kuna maulidi, yote yangeanguka. Sikuuliza, kwa sababu mwanzo wangu ulikuwa kwamba Baba yupo, na kila nilichoambiwa nilikipanga juu ya hapo, kikakaa sawasawa.

Usiku mmoja wa wiki ile, baada ya isha, tulikuwa jikoni tukila yule samaki, nami nikamwonyesha Dada jambo zito kuliko yote ya Wagiriki kwenye kigae cha sakafu. Nilichora kwa kidole kutoka pembe hadi pembe. Nikamwambia, chukulia kuna kipimo fulani kidogo, hata kiwe punje ya ulezi, ambacho kinaingia kamili kwenye ubavu wa mraba huu na kinaingia kamili kwenye ulalo wake. Wagiriki wale wa mwanzo waliamini lazima kiwepo. Waliamini dunia yote ni namba nzima na mafungu yake, na walikuwa na chama, na viapo. Halafu mmoja wao akakaa akafuata hesabu, hatua baada ya hatua, na akafika mahali ambapo namba ile ile lazima iwe shufwa, na namba ile ile lazima iwe witiri. "Haiwezekani," Dada alisema. Nikamwambia ndiyo, haiwezekani. "Sasa alikosea wapi?" Nikamwambia hakukosea hatua hata moja. Kosa lilikuwa pale mwanzo, walipochukulia kwamba kipimo kipo. Hakipo, na hakijawahi kuwepo. Dada aliweka tonge chini. Akauliza wenzake walimfanya nini. Nikamwambia wanasimulia kwamba alipoitoa siri nje walimtosa baharini, ingawa Bi. Harlan anasema huenda ni hadithi tu.

"Kwa nini wasimwache aseme?" Dada aliuliza.

"Labda walitaka kwanza watu wamalize hesabu zao kwa amani," nilimjibu, nikacheka.

Dada aliinuka akaenda kupunguza moto wa jiko. Jiko lilikuwa limezimwa zamani, na nililiona hilo, nikaendelea kula.

Mtihani niliufanya vizuri kuliko mtihani wowote wa maisha yangu. Niliandika uthibitisho wa ulalo bila kufuta mstari hata mmoja. Bi. Harlan aliusoma pale pale mbele yangu, akanipa mkono. Dada alikuja kunichukua, na njia nzima hakusema neno, nikadhani ni uchovu. Tulipopanda ngazi niliona viatu vingi mlangoni petu, vya kiume na vya kike, vimejaa hadi kwa jirani. Nikafungua mlango. Viti vilikuwa vimesukumwa ukutani, mashuka meupe yametandikwa juu ya zulia, na sebule imejaa watu tuliowajua, waliotoka Fort Worth, Haltom City, na Hamza aliyekuja na lori lake toka Houston. Nikatabasamu. Wallahi nilitabasamu, nikaweka mkono kifuani, kwa sababu nilidhani wamekuja kunipongeza kwa kumaliza. Nilisema hata "Jamani, nyinyi." Kisha nikaona juzuu mikononi mwao, na hakuna aliyeniangalia machoni. Dada akanishika kiwiko kutoka nyuma. "Zubeda, kaa chini, mdogo wangu."

Nilikaa. Niliuliza Baba alifariki lini, wakaniambia. Badala ya kulia nikaanza kuhesabu nyuma: siku anafariki nilikuwa nafundishwa nini, siku anazikwa nilikula nini. Siku ya maziko yake ndiyo siku ya maandazi. Wanawake walinipeleka chumbani, wakanifunika kanga, wakaketi wamenizunguka wakisubiri nilie, nami niliona aibu kwamba nawaweka. Kutoka jikoni nilimsikia Mama Espoir, jirani yetu Mkongomani, akimwambia Dada, "Uyu binti hata hajalia. Haiko muzuri. Mulimuficha sana." Na Dada akajibu, taratibu, "Wamesema kwao amalize. Mimi ningefanyaje?" Wakaendelea kukata vitunguu. Baada ya siku chache watu wakapungua, mashuka yakakunjwa, viti vikarudi mahali pake. Matokeo yakaja, nikawa wa kwanza darasani. Niliyatazama kama matokeo ya mtu mwingine ambaye barua yake imeletwa kwangu kwa makosa.

Miezi iliyofuata niliishi, sina neno jingine. Nilikula nilichopewa. Joto la Texas lilikuja likakaa, kiyoyozi kilinguruma mchana kutwa, nami nililala kwenye zulia nikitazama dari. Dada aliniogopa kidogo. Alikuwa akinisemesha akiwa mlangoni, kama anayebisha hodi. Nilimpenda na nilimchukia, vyote kwa pamoja na kwa kiasi kile kile, na sikuhisi chochote kati ya hivyo viwili kwa nguvu. Ilikuwa karibu na Oktoba, tumekaa ngazini nje kwa sababu ndani hakukalika, aliponiambia bila kuulizwa. "Walinipigia mimi kwanza. Kila siku nilisema leo namwambia. Halafu nakuona unakula, unacheka na Wagiriki wako, nasema basi, leo ale." Akavuta pindo la kanga yake. "Na hata ungejua, usingewahi mazishi. Tanga na hapa." Hilo lilikuwa kweli. Nimelipindua miaka yote hii na ni kweli: nisingewahi. Nikamuuliza kama angekuwa yeye angetaka kuambiwa. Alilitazama gari la takataka likipita. "Sijui," alisema. "Mungu asinijaribu." Hatukulizungumza tena. Alipoolewa akahamia Houston nilimsindikiza, alipomzaa Latifa nilikaa naye arobaini nzima, na jambo lile lilikaa kati yetu kama kabati ambalo wote tunajua lilipo na tunalizunguka gizani bila kujigonga. Nikawa mwalimu wa hesabu. Na nikawa mtu ambaye akiambiwa kwenye simu "wote wazima" anasema nipe mmoja mmoja, na siku hizi washa kamera. Ndugu zangu wanalalamika kwamba nawakagua kama askari wa uwanja wa ndege.

Basi nilikuwa nimekaa jikoni kwangu na mkoba begani, na sikuwa na uthibitisho wowote wa nini Mwajuma angetaka. Nilijaribu pande zote mbili. Mtihani ule alikuwa ameungoja kuliko Latifa mwenyewe. Lakini mimi nilitenganishwa na baba yangu na bahari na bara zima, na Latifa ametenganishwa na mama yake na barabara moja ya mwendo wa saa nne, na kesho asubuhi wanawake wataingia kumuosha mama yake, kazi ambayo ni ya binti kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote. Mwaka unarudiwa. Hilo nililijua mapema asubuhi, hakikuwa kitu kigumu. Kigumu kilikuwa kumwambia. Alipokuja saa sita nilikuwa nimepika. Nikampakulia. Akala akinieleza dawa na vipimo vyake, akaomba ukoko, na mimi nikampa ukoko. Hapo nikamwelewa Mwajuma kuliko nilivyowahi kumwelewa akiwa hai. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake.

"Latifa, mwanangu. Mama yako amefariki leo alfajiri. Presha. Anaoshwa kesho asubuhi, tutaondoka sasa hivi ukitaka."

Aliniangalia. "Lakini I have a final kesho," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenikumbusha.

"Najua. Ndiyo maana wajomba zako wamesema nisikwambie."

Alivuta simu yake. "Sawa," alisema. "Nita-email profesa." Akaandika pale pale, akaenda kuosha sahani yake. Nilimwacha aioshe. Barabara nzima hadi Houston hakusema ila mara moja, karibu na Huntsville, aliponiuliza nimejua tangu saa ngapi. Nikamwambia tangu asubuhi. Akageukia dirisha. Nilijua hesabu anayoifanya, na sikumwomba aiache.

Hamza alikuwa nje alipotuona, na uso wake ukabadilika. "Tulikubaliana, Zubeda." Nikamwambia mlikubaliana nyinyi. Hakunisemesha tena siku ile, na mpaka naandika haya ananisalimia kupitia mkewe. Asubuhi Latifa aliingia na wanawake kumuosha mama yake. Mimi sikuingia, nilikaa kwenye kiti cha plastiki koridoni, nikisikia maji. Yalimwagwa, yakanyamaza, yakamwagwa tena. Alipotoka mikono yake ilikuwa imekunjamana kama ya mtu aliyefua, na alinukia karafuu maiti. Akaketi kando yangu. Mtoto huyu ambaye maisha yake yote nilimsemesha Kiswahili naye akanijibu Kiingereza, alisema, "Nimemsuka mimi. Mikia mitatu. Walinionyesha." Halafu akainamisha kichwa begani kwangu na akalia kwa sauti, kama inavyopaswa, mpaka wanawake wale wakaja kumchukua.

Nikabaki peke yangu koridoni. Kule Tanga magharibi ilikuwa imekwisha kuswaliwa. Nilimpigia kaka yangu, naye akapokea akisema haraka, kwa mazoea, kwamba wote wazima. Nikamwambia sikupigii hilo. Nikamuuliza, nani alimuosha Baba? Nikasikia akivuta kiti. Halafu akaanza kunieleza, tangu asubuhi ile.